Siku Niliyomfuta Mama kwenye Kompyuta

Mimi sina subira. Wanaonijua hawatashangaa nikisema kwamba nilimfuta mama yangu kwa sababu ya haraka. Simaanishi mama mwenyewe. Mwenyewe alikuwa hai, yuko Morogoro, kwenye chumba cha uani, anahudumiwa na dada yangu. Namaanisha sauti yake, rekodi kumi na moja zilizokuwa ndani ya laptopu yangu, ambazo ndizo pekee zilizobaki duniani. Kiharusi kilikuwa kimeshamnyamazisha mama tangu mwaka uliotangulia.

Lazima nieleze kwanza habari ya kaseti, la sivyo mtu ataniona mjinga zaidi ya nilivyo. Nilipofika Virginia, nyumbani Morogoro hapakuwa na simu. Ili niongee na mama ilibidi aende kwa mwenye duka, akae kwenye benchi na wateja, asubiri nipige, halafu laini ikatike tukiwa bado kwenye salamu. Mama akachoka. Siku moja akachukua redio yake ya kaseti, akajirekodi upande mzima, akampa mtu anayesafiri aniletee. Kwetu hasafiri mtu hivi hivi. Ukisema unakwenda Marekani, hata watu usiowasalimia watakuletea dagaa wa kufunga kwenye magazeti.

Nikaipokea, nikaisikiliza mpaka nikaikariri, halafu nikarekodi majibu yangu juu ya kaseti ile ile na kumpa mtu anayerudi. Mama akarekodi juu yangu, akairudisha. Hivyo hivyo, miaka. Nilipomwambia nitanunua kaseti nyingine nyingi, alikataa katakata. Alisema kaseti ni sahani ya jirani: ikija na kitu hairudi tupu, lakini sahani ni ile ile, hununui sahani mpya kila unapopelekewa ubwabwa.

Kwa hiyo kila nilipomjibu mama, nilimfuta, na kila aliponijibu alinifuta mimi. Hatukuona ubaya wowote. Mtu akishasema si amesema?

Mambo yalibadilika nilipoanza masomo ya jioni pale Annandale, kwenye chuo cha jamii, nikapata laptopu ya mtumba kwa ajili ya kazi za darasani. Mwanafunzi mwenzangu akanionyesha kwamba nikichukua waya mfupi, ncha moja nikachomeka kwenye redio na nyingine kwenye laptopu, kaseti ikilia kompyuta inaandika. Basi tangu siku hiyo, kabla sijarekodi majibu, namhamisha mama kwanza. Zikafika rekodi kumi na moja.

Jamani, mama alikuwa anajua kurekodi! Alianza kila mara kwa kupuliza kwenye redio, fuu, fuu, "Haloo, hiki kidude kinashika?" Halafu anasalimia kama yuko kanisani, rasmi kabisa, ananitaja kwa majina yangu yote matatu. Baada ya dakika mbili urasmi unamwisha. Anafukuza kuku. Anamwambia mtu wa mlangoni, "Ngoja kidogo, naongea na Marekani." Na alikuwa na tabia moja: akiniuliza kitu, anasubiri nijibu. Anauliza, "Umekula lakini?" halafu ananyamaza, unasikia mvua kwenye bati, unasikia hata anavyovuta pumzi. Kisha anasema, "Haya, vizuri," kama vile nimemjibu. Nami nilikuwa namjibu. Nimekaa chumbani kwangu Annandale, nimetoka kazini kumgeuza mzee wa watu kitandani na kumlisha uji wa shayiri, namwambia mama, "Nimekula," wakati sijala.

Kisha kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukafungika. Dada akapiga simu, maana wakati huo alikuwa ameshanunua simu ya mkononi, akaniambia mama ameamka lakini haongei. Sikuweza kwenda, makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yako kwa wakubwa wa uhamiaji, na ukitoka kabla hayajakamilika, hurudi. Nilipiga mara tatu. Dada alimwekea mama simu sikioni nami nikasema, "Mama, shikamoo." Hakuna kitu. Pumzi tu. Mara ya tatu nikalia, nikakata, nikasema laini imekatika.

Baada ya hapo nilikuwa nikipiga naongea na dada tu. Mama hajambo? Hajambo. Anakula? Anakula. Haya, msalimie. Na Jumapili, badala ya kupiga simu, nilifungua laptopu, nikachagua rekodi moja, nikalala chali nikimsikiliza mama anafukuza kuku. Nilimkumbuka kiasi kwamba kifua kiliniuma, kuuma kwa kweli, nikafikiri labda na mimi napata ugonjwa. Mkenya mmoja niliyekuwa nakaa naye nyumba moja, nesi wa hospitali, alinipima presha akasema niko sawa, nina ukiwa tu.

Sasa, jinsi nilivyofuta. Kicheko cha Mungu ni kwamba nilikuwa natafuta usalama. Nilisema sauti ya mama isikae mahali pamoja, nimpelekee dada nakala, yeye ana kompyuta ofisini kwake. Nikapata diski ya nje kwenye mnada wa barazani huko Fairfax, wale watu wanaohama wakatandika vyombo vyao kwenye nyasi. Diski ilikuwa na mambo ya mwenyewe bado, picha za harusi na barua za kodi, na mimi sipendi kukaa na siri za watu. Jamaa mmoja wa chuoni alikuwa amenipa CD ya kusafishia diski. Nikasema nitaisafisha hii, nitamwaga sauti za mama humo, nimpe msafiri.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na msafiri alikuwa anaondoka jioni ile ile. Tangu asubuhi alishanipigia mara tatu. "Mzigo wako uko wapi? Mimi nafunga begi." Nikamwambia afunge tu, aache upenyo. Akapiga tena. Mtu mzima, begi moja, unafikiri anahamisha kijiji!

Nikaweka CD, nikaiwasha laptopu upya. Kikaja kioo cheusi na maandishi meupe. Diski 0. Diski 1. Safisha ipi? Sasa niulizeni, nani anaanza kuhesabu na sifuri? Kwetu mtoto wa kwanza ni wa kwanza. Nikajiambia, moja ni yangu, iliyo ndani, mwenye nyumba. Sifuri ni hii ya kuokota, isiyo na kitu. Simu ikalia tena. Nikachagua sifuri. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, niandike ndiyo kwa herufi kubwa. Nikaandika. Mimi huwa nina hakika.

Ilichukua muda mrefu, nami nikapika chai na kukunja nguo, nikijisifu. Ilipomaliza nikatoa CD, nikawasha. Kioo cheusi, kimstari kidogo kinapepesa, na sentensi moja inayosema hakuna mfumo wowote wa kuendeshea kompyuta. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa ile diski ya nje nikaitazama, kama vile ingeniambia kitu. Halafu nikaelewa kwamba sifuri ndiyo ilikuwa ile ya ndani, nikakaa chini, kwenye zulia, miguu ikiwa imeninyooka mbele kama mtoto anayelishwa.

Mkenya alinikuta hapo akitoka zamu. Hata koti hakuvua.

"Mtanzania, kwani kuna msiba?"

"Nimemfuta mama."

"Umemfuta aje?"

Nikamweleza. Aliniuliza maswali ya kinesi: imetokea saa ngapi, umegusa nini tangu hapo, umeizima mara ngapi. Kisha akasema, "Aki pole. Amka. Twende kwa fundi kabla hajafunga."

Fundi alikuwa Mkorea, hapo hapo Annandale, kiduka kimebanwa kati ya mkahawa na mshonaji. Alisikiliza yote. Aliifungua laptopu kwa bisibisi ndogo, akaitoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akatazama kwa muda. Nilikuwa nimeshika meza. Kisha akavua miwani. Alisema kama ningekuwa nimetupa tu mafaili, yeye angeyatafuta. Lakini ile CD haitupi, inapita juu ya kila kitu kutoka mwanzo hadi mwisho na kuandika sifuri. Hapakuwa na cha kutafuta. Akasema pole kwa Kiingereza chake, nami nikasema asante kwa changu.

Msafiri alipopiga tena nikamfokea mpaka Mkenya akaninyang'anya simu. "Msamehe, amefiwa," alimwambia. Sikumsahihisha.

Jumapili asubuhi nilitaka kuitupa ile laptopu kwenye pipa la uani. Mkenya akasema acha ujinga, una mtihani, itie mfumo upya uendelee na maisha. Akaenda kabatini, akatafuta kwenye boksi nililopewa pamoja na laptopu, akatoa CD mbili ambazo sikuwahi kuzigusa. Kwa hiyo tukakaa kwenye meza ya kulia, saa nne kasoro, yeye na kikombe chake cha chai ya maziwa, mimi na macho yaliyovimba.

Kioo kikawa cha buluu. Kikauliza nakubali masharti, nikakubali. Nani amewahi kuyasoma? Kikauliza mfumo uwekwe diski gani, na safari hii diski ya nje ilikuwa imefungiwa kwenye droo ya jikoni. Kisha kikataka namba ya kibali, herufi na tarakimu ndefu zilizoandikwa kwenye kibandiko tumboni mwa laptopu. Kibandiko kilikuwa kimesuguliwa na mapaja yangu miaka yote. Mkenya akaipindua mashine juu ya kichwa chake kama anayeangalia sufuria iliyotoboka, akamulika na tochi ya kazini, mimi nikashika kalamu na karatasi.

"K ya Kisumu. Saba. M ya Meru."

"M ya Mbeya."

"Ni M ile ile, wewe andika. Hii ni B ya Bungoma ama ni nane?"

Tulikosea mara nne. Mara ya tano ikakubali, ikaanza kazi, na pembeni ikaandika zimebaki dakika thelathini na tisa. Mkenya akaenda kulala, maana alikuwa amekesha nami. Nami nikabaki peke yangu, natazama mstari wa kijani ukijijaza kidogo kidogo kwenye mashine isiyokuwa na mama.

Hapo ndipo wazo likanijia. Kaseti! Ile ya mwisho niliituma mimi, kabla mama hajaugua. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, nikaongea kidogo tu, sikujaza upande wote. Basi mwishoni, pale nilipoishia mimi, lazima kulibaki kipande cha mama cha zamani. Hata dakika tano. Hata dakika moja ya kuku! Mfa maji haachi kutapatapa. Nikachukua kadi ya simu, nikabonyeza zile namba zote ndefu, nikampigia dada. Kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Dada, shikamoo. Ile kaseti iko?"

"Marahaba. Kaseti gani?"

"Ile niliyotuma mwisho. Usirekodi juu yake, usiiguse, iweke mahali. Nitamtuma mtu."

"Kaseti imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na redio. Miezi miwili sasa. Mkanda ulitoka kama tambi. Nilijaribu kuuzungusha na kalamu, nikaunga na gundi, ikagoma. Mwisho nikatupa."

"Umetupa! Mlikuwa mnaichezeachezea ya nini?"

Dada yangu ni mpole. Hasira zote za nyumba yetu nilizaliwa nazo mimi. Lakini siku hiyo akapandisha, nikasikia kabisa anatoka nje na simu ili mama asisikie.

"Tunaichezea? Mama alikuwa anakusikiliza wewe. Kila Jumapili namwogesha, namvalisha gauni la kutokea, namkalisha kwenye kiti karibu na simu, kwa kuwa nilimwambia mdogo wangu atapiga Jumapili. Jumapili ya kwanza hukupiga. Ya pili hukupiga. Ukipiga ni Jumatano, 'hajambo, anakula, msalimie,' umekata. Ndipo nikaitafuta hiyo kaseti yako. Ikiisha, ananionyesha kidole nirudishe. Nimesikia jinsi theluji ya huko ilivyo mpaka najua kila neno. Mpaka redio ikachoka, sisi hatujachoka."

Nilitafuta hasira yangu, nikaikosa. Nikasema kitu cha kijinga, ndicho kilichokuwa mdomoni.

"Lakini haongei, dada. Nitamwambia nini mtu asiyenijibu?"

"Kwani kaseti ilikuwa inakujibu?"

Hapo mezani, mbele ya mstari wa kijani, nikajiona nilivyokuwa Jumapili zote zile: chali kitandani, namwambia mashine nimekula, wakati mama mzima mwenye masikio mawili amevalishwa gauni, amekalishwa kitini, anangoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Tulikuwa na mama, mimi nikamfanyia matanga akiwa hai.

"Mpe simu," nikasema.

Nikasikia kandambili za dada zikirudi ndani, mlango, mbuzi wa jirani. Kisha zikaja zile pumzi. Nilizitambua. Ni zile zile alizokuwa akivuta kwenye rekodi akisubiri nimjibu, ila sasa nzito zaidi.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Ni mimi."

Pumzi.

Sikujua cha kusema, wallahi. Mwaka mzima, na sina neno. Mbele yangu kulikuwa na kioo tu, basi nikaanza na kioo. Nikamwambia, mama, niko mezani, kompyuta yangu imeharibika, niliiharibu mwenyewe kwa kiherehere, sasa naitengeneza. Nikamwambia kuna mstari wa kijani unajaza polepole, umefika nusu, na pembeni inasema zimebaki dakika ishirini na mbili, lakini ni mwongo, ilisema ishirini na mbili tangu nilipoanza kuongea na dada. Nikamwambia nakaa na Mkenya, mwanamke mzuri, chai yake nzuri, Kiswahili chake wewe ungecheka. Nikamwambia nimekufuta, mama. Sauti yako yote, nilikuwa nimeiweka humu, nikaifuta kwa mkono wangu. Nikalia kidogo hapo, lakini safari hii sikukata. Nikapenga kamasi, nikaendelea. Nikamwambia sasa kompyuta inauliza saa na tarehe, naweka, na sasa inauliza niko nchi gani.

Nikamwambia juu ya mzee ninayemhudumia, kwamba naye haongei lakini ukimwekea asali kwenye uji anafumba macho. Nikamwambia chakula nilichokula jana, nikakumbuka sikula, nikamwambia ukweli, sikula. Mstari ukafika mwisho, mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, ikatoa ule muziki wake mfupi wa kufungukia. Nikasogeza simu karibu ili asikie.

"Imepona, mama. Umeisikia?"

Pumzi, halafu kitu kidogo kooni, kama mtu anayetaka kukohoa akaghairi.

Nikadhani nimemchosha. Yule mwanamke wa kwenye kadi ya simu akaingia kati kwa Kiingereza, akasema dakika zangu zinakaribia kwisha. Nikasema, "Haya mama, mpe dada nimuage."

Nikasubiri. Nikamsikia dada kwa mbali, taratibu, "Mama, lete simu niagane naye. Mama, achia basi." Kisha mkwaruzo, kama simu inasuguliwa kwenye nguo, na dada akapaza sauti ili nimsikie.

"Hataki kunipa! Ameishika kwa huo mkono wa kushoto, ameikumbatia kifuani. Jamani mama! We, ongea tu. Haachii. Ongea!"

Nikaweka simu kwenye spika, nikaanza kutafuta kadi nyingine kwenye mkoba, huku naongea.